Kiungo wa Kuazima

Katika lugha ya mpira wa miguu isemwayo leo kutoka Dar es Salaam mpaka Goma, mchezaji aliyefungwa kwa mkataba na klabu moja, akaruhusiwa kuitumikia klabu nyingine kwa muda uliowekwa, kisha arejee alikotoka, husemwa kwamba amesajiliwa "kwa mkopo". Hivyo ndivyo watangazaji wa Tanzania walivyotuarifu Januari 2023, Simba ilipompata mshambuliaji Jean Baleke kutoka TP Mazembe ya Kongo. Na hivyo ndivyo habari ile ilivyosimuliwa katika Kivu ya Kaskazini na wale wanaofuata ligi ya Tanzania, ijapokuwa wenzao wengi, kwa kuwa walisomeshwa kwa Kifaransa, aghalabu hulitaja jambo lenyewe kwa neno prêt. Istilahi hiyo ya mkopo imekwisha kuota mizizi, wala sitaraji kwamba makala moja itaing'oa. Hata hivyo nadhani ni wajibu wetu kuipima, maana haielezi tu tendo lililotendeka, bali humwelekeza msikilizaji namna ya kulihukumu.

Kila Januari na kila Julai, dirisha la usajili linapofunguka Ulaya na fununu zikaanza kuvuma kwamba klabu fulani kubwa yataka kumchukua kiungo chipukizi wa klabu nyingine kwa msimu mmoja, mashabiki wa Kitchanga, Nyabiondo na Sake katika Masisi, na wa Mubi na Pinga katika Walikale, wilaya mbili za Kivu hiyo ya Kaskazini, huwa na la kusema kama walivyo wenzao popote penye redio na simu. Hoja hugawanyika pande mbili, na zote mbili zina uzito. Mtu mzima husema: "Huyu mutoto si wetu, ni wa kwabo, tutamufundisha, kisha atarudia kwabo." Kijana humjibu kwa adabu: "Papa, miezi sita si kidogo, acha atusaidie." Wa kwanza anahofia jasho la timu yake lisije likawa faida ya mwingine, wa pili anatazama pengo lililo wazi katikati ya uwanja na mechi zilizosalia. Lakini katika mabishano hayo nimesikia pia neno deni likipenyezwa, kana kwamba klabu inayompokea kijana yule imejitwika dhima ya kulipa kitu. Na hapo ndipo istilahi inapowapotosha wote wawili.

Mkulima wa Masisi aliyeishiwa mbegu hukopa gunia la maharagwe kwa jirani yake. Maharagwe yale huzikwa ardhini, wala hakuna atakayemdai punje zile zile zilizooza zikachipua. Baada ya mavuno hulipa gunia jingine la kadiri ile ile. Ama akitwaa jembe la jirani, hulirudisha jembe lile lile, mpini wake na makali yake, na asiporudisha lile hawezi kusema kwamba ametimiza ahadi kwa kuleta jingine. Tendo la kwanza ni kukopa, na la pili ni kuazima. Kiswahili kimezitenga maana hizi mbili tangu zamani, na wanazuoni wa sheria za Kiislamu, ambao msamiati wao wa muamala umeingia katika lugha ya pwani kwa karne nyingi, wamezitenga kwa uangalifu zaidi: karadha ni kutoa mali ambayo mpokeaji huitumia ikatoweka, kisha akarudisha mfano wake, ariya ni kumpa mtu manufaa ya kitu bila malipo, hali dhati ya kitu hicho ikibaki kuwa ya mwenyewe, na ijara ni manufaa yale yale yakitolewa kwa ujira. Kiungo aliyekwenda klabu nyingine kwa msimu mmoja hurudi yeye mwenyewe, wala harudishwi kiungo mwingine wa kimo chake. Kwa hiyo hakukopwa, ameazimwa. Na kama klabu iliyompokea imetoa fedha ili impate kwa muda ule, basi amekodiwa.

Atakayesema kwamba haya ni mabishano ya maneno matupu, na atazame suala la dhamana. Madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, humbebesha mwazimaji dhamana ya kitu kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa. Wahanafi hukihesabu kuwa amana mkononi mwake, wasimdai kitu ila akizembea au akivuka mpaka. Ndilo swali lile lile linalozikabili klabu mbili siku goti la kijana aliyeazimwa linapochanika: nani amtibu, nani amlipe mshahara, na muda uliobaki uhesabiwe vipi? Kanuni za FIFA huagiza kwamba makubaliano yaandikwe, na kwamba mkataba wa mchezaji na klabu yake ya asili usimamishwe kwa muda ule isipokuwa pande husika zimeandika vinginevyo; na uazimaji ukivunjika kabla ya wakati, mchezaji ana haki ya kurejea alikotoka. Mtu aliyezoea neno mkopo hushangaa kuisikia haki hiyo, lakini aliyezoea neno kuazima huiona ni jambo la lazima.

Mfano unaowafaa wale wanaobishana ni wa Martin Ødegaard, kiungo wa Norwei, ambaye Real Madrid ilimtwaa mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 16, ikamwazimisha kwa Heerenveen na Vitesse za Uholanzi, kisha kwa Real Sociedad, na Januari 2021 kwa Arsenal. Wapenzi wa Arsenal walikuwa na sababu ya kuuliza ni busara gani kumpa nafasi ya katikati kijana atakayeondoka baada ya miezi michache, ilhali wao wenyewe wana vijana wa kulea. Aliondoka kweli, akarudi Madrid; lakini Agosti ya mwaka ule ule Arsenal ilimnunua, na Julai 2022 ikamkabidhi unahodha. Kuazima kulikuwa kumezipa pande zote nafasi ya kujuana. Hapa mtu mzima wa Masisi alikosea katika hofu yake, na kijana alipatia, japo kwa sababu ambayo hakuitaja.

Lakini mfano wa Gaël Kakuta unamrudishia mtu mzima yule hoja yake, tena kwa uchungu zaidi, kwa kuwa Kakuta ni wetu. Alizaliwa Lille, Ufaransa, mwaka 1991, kwa wazazi wa Kikongo. Chelsea ilimtwaa kutoka Lens mwaka 2007, na jambo hilo likazua kesi kubwa hata FIFA ikaizuia Chelsea kusajili wachezaji, amri iliyotolewa Septemba 2009 na kuondolewa Februari 2010 baada ya klabu hizo mbili kupatana. Kiangazi cha mwaka huo 2010 Ufaransa ilitwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana wasiozidi miaka 19, na Kakuta akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Kijana wa namna hiyo, kiungo mwenye mguu wa kushoto uliojaa maarifa, angestahili kulelewa mahali pamoja kwa subira. Badala yake, tangu Januari 2011 aliazimishwa kwa Fulham, kisha Bolton, kisha Dijon, kisha Vitesse, kisha Lazio, kisha Rayo Vallecano: klabu sita katika nchi tano, kila moja na kocha wake, lugha yake na namna yake ya kucheza, mpaka Sevilla ilipomnunua mwaka 2015. Alipoivaa jezi ya Chui wa Kongo katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwanzoni mwa 2024, timu ilipofika nusu fainali na kumaliza ya nne, mashabiki waliomtazama akiupooza mpira na kuupeleka atakako walikuwa na haki ya kujiuliza miaka ile ya ujana ilikwenda wapi. Mimi naamini ilipotea njiani, kati ya hoteli na uwanja wa ndege, na naamini kwamba mwenye kitu asiyekusudia kukitumia kamwe, akawa anakizungusha tu kwa watu ili thamani yake ipande, hakiazimishi; anakifanyia biashara.

Si Kakuta peke yake aliyetendewa hivyo. Chelsea iliwahi kuwa na wachezaji zaidi ya 30 walioazimishwa kwa wakati mmoja, na klabu nyingine tajiri zilifuata mwenendo huo. Ndipo FIFA ilipoleta kanuni mpya zilizoanza tarehe 1 Julai 2022. Muda wa kuazima usizidi mwaka mmoja. Klabu isiazimishe wachezaji zaidi ya 3 kwa klabu ile ile moja. Idadi ya wanaoazimishwa nje ya nchi ipunguzwe mwaka hata mwaka, mpaka ikafika 6 kuanzia Julai 2024, na ya wanaoazimwa vivyo hivyo. Na aliyeazimwa asiazimishwe tena kwa klabu ya tatu. Sharti hili la mwisho lanivutia mno, maana ndiyo rai ya Mashafii kuhusu ariya: mwazimaji hana ruhusa ya kukiazimisha kwa mwingine kitu alichoazima, ila kwa idhini ya mwenyewe. Vijana wa umri wa miaka 21 kushuka chini waliolelewa na klabu yao yenyewe hawahesabiwi katika ukomo ule wa 6, kwa hiyo kiungo chipukizi anayejadiliwa Mubi au Sake huenda akawa nje ya hesabu hiyo, na mlango wake umebaki wazi kuliko wa wakubwa zake.

Hata hivyo neno kuazima, ambalo nimelitetea, lina upungufu wake, nami sitaki kuuficha. Jembe halina nafsi. Katika Masisi na Walikale, ambako kwa miaka mingi makundi yenye silaha yamewatwaa watoto kwa nguvu na kuwahesabu kuwa wao, na ambako vita vilivyoingia Masisi-kati Januari 2025 na Walikale-kati Machi ya mwaka huo vimewatawanya vijana mbali na wazee wao, haifai mtu aseme kwa wepesi kwamba kijana fulani ni mali ya fulani na kwamba anaweza kupewa mtu mwingine amtumie. Kinachohama katika muamala huu si mtu, ni usajili wake na utumishi wake, tena kwa ridhaa yake. Bila idhini ya mchezaji hakuna uazimaji, na aliye chini ya miaka 18 hahamishwi kutoka nchi hadi nchi ila kwa masharti machache yaliyobainishwa. Ndiyo maana ningependa tuseme kwa ukamilifu "usajili wa kuazima", ili azimwe usajili wala asiazimwe mtoto wa watu.

Katika matumizi, kitenzi hiki kina tatizo moja: kuazima ni kutoa na ni kupokea pia, kwani mtu husema amemwazima jirani jembe, na jirani naye husema ameliazima. Wakutubi wamelitatua zamani kwa kusema wao huazimisha vitabu na wasomaji huazima. Basi klabu ya asili iitwe mwazimishaji, na klabu ipokeayo iitwe mwazimaji. Penye malipo, tuseme usajili wa kukodi. Na pale mapatano yanapompa mpokeaji nafasi ya kumnunua mchezaji mwishoni akipenda, tuseme usajili wa kuazima wenye hiari ya kununua. Ikiwa kununua si hiari bali ni lazima, kama ilivyokuwa kwa Mbwana Samatta alipotoka Aston Villa kwenda Fenerbahçe mwaka 2020, basi sioni kwamba hapo pana kuazima kokote, ila bei iliyoahirishwa, na itajwe hivyo.

Tofauti hii ya kuazima na kukodi inawagusa Masisi na Walikale kwa fedha taslimu. Kanuni za FIFA huamuru kwamba malipo yoyote ya kumhamisha mchezaji aliye ndani ya mkataba, awe ananunuliwa au anachukuliwa kwa muda, yakatwe asilimia 5 na kugawiwa klabu zilizomfundisha tangu msimu wa umri wa miaka 12 mpaka wa miaka 23: robo ya asilimia kwa kila mwaka wa minne ya mwanzo, na nusu ya asilimia kwa kila mwaka wa minane iliyofuata. Tuseme kijana alilelewa na klabu ya Nyabiondo tangu miaka 12 mpaka 15, akaenda Goma, kisha Lubumbashi, kisha Ulaya, na huko klabu moja ikamkodi kwa dola milioni 1. Sehemu ya Nyabiondo ni dola 10,000. Lakini klabu ile ikimwazima bure, Nyabiondo haipati kitu, kwa kuwa sehemu ya sifuri ni sifuri. Shabiki anayeshangilia kwamba klabu aipendayo Ulaya imempata kijana wa kwao bila kutoa senti, na ajue kwamba nyumbani pia haikufika senti.

Na fedha hiyo haiji kwa kumbukumbu za wazee. Katika mashindano ya vijiji ni kawaida timu kuazima mchezaji wa kijiji jirani kwa mechi moja, akacheza, akapewa soda na nauli, jina lake lisiandikwe popote. Ni ujirani mwema, nami siulaumu. Ila pasipoti ya mchezaji, ile hati ambayo shirikisho huitoa ikionyesha klabu zote alizosajiliwa tangu umri wa miaka 12, huandika tu kile ambacho FECOFA, shirikisho la mpira wa miguu la Kongo, imekwisha kukisajili. Klabu ya Pinga au ya Mubi isiyo mwanachama katika ngazi yake, isiyopeleka majina na tarehe za kuzaliwa za vijana wake kila msimu, haitaonekana humo, ingawa ndiyo iliyomfundisha kiungo yule kuutuliza mpira kwa mguu wa kushoto. Kalamu, daftari na safari ya mjumbe kwenda kwenye ofisi ya ligi ya jimbo, njia zikipitika, ndivyo vitu vinavyotakiwa, na vyatakiwa mwaka ule kijana anapotimiza miaka 12.