2,147,483,647

2,147,483,647 ni namba tasa yenye tarakimu kumi, ipatikanayo kwa kuinua 2 kwa kipeo cha 31 na kisha kutoa 1, nayo ni ya nane katika jamii ya namba tasa ziitwazo kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyeitaja mwaka 1644 pasi na kuitolea burhani. Burhani ilitoka kwa Leonhard Euler, katika barua kwa Daniel Bernoulli iliyochapishwa mwaka 1772: kigawanyo tasa cha adadi hii, lau kingekuwapo, hakina budi kubakisha 1 au 63 kigawanywapo kwa 248, na kwa kuwa kipeuo cha pili cha adadi yenyewe hakifiki 46,341, ilitosha kuzijaribu namba tasa za sifa hiyo zilizo chini ya mpaka huo, kazi ya subira kwa mtu asiye na mashine, na hakuna hata moja iliyoigawanya.

Ikizidishwa kwa 1,073,741,824 huzaa 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vyote isipokuwa nafsi yake. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow alidhani kwamba yamkini haitavumbuliwa namba kamilifu iliyo kubwa kuliko hiyo; dhana hiyo ilibatilishwa na Édouard Lucas mwaka 1876.

Katika hesabu ya msingi wa mbili huandikwa kwa tarakimu 1 mara 31, na kwa sababu hiyo ndiyo kikomo cha namba nzima zenye alama katika kompyuta za biti 32, ambamo biti moja ni ya alama ya chanya au hasi. Saa za baadhi ya kompyuta hizo, zihesabuzo sekunde tangu Januari 1, 1970, zitaifikia Januari 19, 2038.