Sikio la Mwenye Mkahawa

Neno moja lilinikwamisha. Nilikuwa nikijaribu kukifasiri, kwa raha ya nafsi yangu tu, kisa kimoja cha Kimarekani ambamo mwanamke mwenye duka la biskuti na kahawa, katika mji mdogo, anamtafuta muuaji. Kazi yake hiyo ya pili niiitaje? Niliandika “mpelelezi”, nikalifuta. Nikaandika “kachero”, nalo nikalifuta, maana kachero ni mtu wa serikali na ana mshahara wake. “Jasusi” ndilo kabisa halikufaa. Nikarudi kwa “mpelelezi”, nikalikazia macho muda mrefu. Katika lugha yetu mpelelezi ndiye anayemfichua mwizi, na mpelelezi huyo huyo ndiye akaaye barazani akiokota maneno ya wenziwe ayapeleke yanakopelekwa. Msomaji wa Minnesota akiambiwa kwamba mwenye mkahawa anapeleleza, hutabasamu. Msomaji wa Wete hukiweka kikombe chini.

Basi nikaiweka tafsiri kando, nikaifuata historia.

Mpelelezi wa ridhaa, asiyetumwa na dola, alizaliwa kitabuni mwaka 1841, pale Edgar Allan Poe alipomtoa Dupin wake wa Paris. Sherlock Holmes akafuata mwaka 1887. Huyu alilipwa, walakini hakuwa mtu wa polisi. Mwaka 1930 Agatha Christie akampa riwaya nzima Miss Marple, ajuza wa kijijini anayefuma sufi huku akiwatazama majirani. Wote hao ni watu wenye wasaa. Hapana hata mmoja aliyekuwa na sufuria motoni na wateja wanaogonga meza.

Mwenye sufuria alikuja baadaye sana. Mwaka 1990 Diane Mott Davidson alitoa kitabu ambamo Goldy, mpishi wa shughuli katika mji wa kubuni wa Aspen Meadow, jimbo la Colorado, anapika kwenye mkusanyiko wa baada ya maziko; mtu mmoja analishwa sumu ya panya, na polisi wanaifunga biashara yake. Naomba msomaji alitie maanani hilo. Mama huyu haanzi kuuliza maswali kwa sababu ya udadisi wala kwa kupenda haki. Anauliza kwa sababu riziki yake imefungwa, na mtoto yuko nyumbani. Mwaka 2000 akaja Joanne Fluke na Hannah Swensen wake, ndiye yule aliyenikwamisha, wa mji wa kubuni wa Lake Eden, Minnesota. Muuza maziwa anakutwa amepigwa risasi nyuma ya duka la Hannah. Shemeji yake ni askari, naye anamwomba amsaidie kwa hoja moja iliyo wazi: mbele ya mtu wa polisi watu hunyamaza, mbele ya mwenye duka la biskuti husema.

Mwaka 2007 Mtaliani mmoja aliyesomea kemia, Marco Malvaldi, aliwaleta Massimo, mwenye baa ya kahawa katika mji wa kubuni wa Pineta pwani ya Toscana, na wazee wanne wanaokaa kwake kutwa wakicheza karata na kuwasema watu. Mmoja wa wazee hao, Aldo, ana mkahawa wake. Mzanzibari yeyote aliyewahi kupita penye dhumna jioni atawatambua mara moja. Massimo anawachoka wateja wake, anawatukana kwa mapenzi, na bado bila ya midomo yao asingejua lolote. Hadithi hizo zilipofanywa tamthilia ya televisheni kuanzia mwaka 2013, zilipigwa picha Marciana Marina, katika kisiwa cha Elba. Haikunishangaza kwamba walikwenda kisiwani.

Lakini dola ziliyajua mambo haya karne nyingi kabla ya waandishi wa riwaya. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne alizifunga nyumba za kahawa za Istanbul. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitoa tangazo la kuzifunga za kwake mnamo Disemba 1675, na makelele yakawa makubwa hata akalirudisha nyuma Januari iliyofuata. Waosmani wa miaka ya 1840 walikuwa werevu zaidi: waliziacha wazi, wakaweka watu wa kusikiliza, na taarifa walizoziandika zimehifadhiwa hadi leo, nani kasema nini, amekaa wapi. Huyo naye ni mpelelezi wa mkahawani, na yeye ndiye aliyetangulia. Hannah Swensen ni kitukuu chake, wapende wasipende mashabiki wake.

Kipo kitabu kimoja kilichonionyesha kwamba mwandishi anaweza kulitazama jambo hili usoni. Ni Too Many Cooks cha Rex Stout, cha mwaka 1938. Mpelelezi wake, Nero Wolfe, ni mtu mnene apendaye chakula kuliko kesi, na safari hii anatoka nyumbani kwake New York, jambo alichukialo, kwenda West Virginia kwenye mkutano wa wapishi mabingwa. Katika shindano la kuonja michuzi mmoja wao anachomwa kisu. Maofisa wa pale wamekwisha kuwahoji wahudumu na wapishi weusi wa hoteli, kwa dharau ile iliyokuwa desturi ya nchi na zama zile, na hawakupata kitu. Hata msaidizi wa Wolfe mwenyewe, ambaye ndiye msimulizi, anawataja kwa maneno ambayo leo yanachoma masikio.

Wolfe anawaita chumbani kwake usiku. Anawapa vinywaji, anamuuliza kila mtu jina lake, anazungumza nao kama watu wazima wenye haki ya kunyamaza. Hawatishi. Anawaeleza kwa nini kumficha mwuaji kwa sababu tu wanadhani ni wa rangi yao kungewadhulumu wao wenyewe. Mazungumzo yanakwenda kurasa nyingi, na kwa mpenzi wa risasi na mbio ni kurasa za kuchosha. Mwishowe kijana Paul Whipple, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard aliyekuja kufanya kazi ya mezani, anasema alichokiona: mtu aliyevaa sare ya watumishi, lakini weusi wa uso wake ulikuwa wa kupakwa. Wahudumu walijua tangu mwanzo kwamba kuna la kusema. Hawakuulizwa na mtu anayestahiki kuambiwa.

Na Stout hakuishia hapo. Mwaka 1964, mwaka ambao sisi tunaukumbuka kwa sababu zetu, alitoa A Right to Die, ambamo Whipple, sasa mtu mzima mwenye mvi, anabisha hodi kwa Wolfe. Mwanawe yuko hatarini, naye amekuja kudai deni la usiku ule. Wolfe analikubali deni. Katika bahari nzima ya visa vya upelelezi ni vichache mno nilivyovisoma vinavyokiri kwamba neno la mtu ni mali aliyoitoa mfukoni mwake, na kwamba aliyepewa anadaiwa.

Sisi wenyewe tulipompata mpelelezi wa ridhaa, hatukumpata jikoni. Muhammad Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi wa mwaka 1918, alianza maisha ya kazi kama mkaguzi wa idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda tuzo ya kwanza ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa wake ana kiko cha Holmes na ana rafiki wa kumfuata, Najum. Wahakiki wameshughulika na kiko hicho kupita kiasi. Mimi naona jambo jingine: Bwana Msa hana duka, hana mteja, hana daftari la mikopo. Haketi mahali ambapo watu huja wakiwa na njaa. Anapouliza, watu wanajua kwamba anauliza. Sijui kama mwandishi aliyapima hayo au kalamu yake iliyahisi tu, lakini mtu aliyeanza kwa kukagua afya za watu hakosi kujua uzito wa kuingia penye shughuli za wengine na kutazama. Bwana Msa akawa mpelelezi ambaye mji unaweza kumvumilia.

Nami nilimfahamu mwingine, ambaye hakuandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa kijana wa kuosha vikombe katika mkahawa mmoja wa Wete; sisi tukiuita hoteli, ingawa ulikuwa na meza nne na mabenchi. Ndiko nilikojifunza kusoma kwa haraka, katika magazeti ya kufungia maandazi, maana ukurasa ulikuwa wako mpaka mteja alipoinuka. Siku moja baiskeli ya muuza samaki ilipotea. Mji mzima ulizungumza. Mwenye mkahawa hakusema kitu, lakini alikuwa amekwisha kuona: kijana mmoja, aliyezoea kufika kutoka shamba kwa miguu huku akitweta na kuomba maji kabla ya chai, sasa alifika mkavu na mapema, na upindo wa mguu wa kulia wa suruali yake ulikuwa na mafuta meusi ya mnyororo. Jioni alimzuia wateja walipokwisha kuondoka, akamtilia chai, akaurudisha mlango nusu. Sikuyasikia waliyosema. Alfajiri baiskeli ilikutwa imeegemezwa mnazini, nyuma ya nyumba ya mwenyewe.

Alisifiwa. Watu walikuja kumpa mkono. Kisha, wiki mbili hazijesha, meza ya pembeni, ambayo wazee walikuwa wakinong'ona juu ya bei, magendo na mambo ya wakubwa, ikawa tupu. Hata wenye madeni madogo walianza kunywa chai kwengine. Aliniuliza sababu, na mimi nilikuwa mdogo mno kujua kuficha.

“Ami,” nikamwambia, “wanasema jicho lako limekuwa refu.”

Hakunijibu. Asubuhi ya pili alikichukua kigoda chake, ambacho miaka yote kilikuwa kikielekea mezani, akakigeuza, akakaa ameuelekea moto, mgongo kwa wateja. Ikawa mimi ndiye wa kumwambia nani ameingia. Meza ya pembeni ilikaa tupu siku chache zaidi, kisha mzee mmoja akaja, akafuatwa na wa pili.