Narmad

Narmad (Narmadashankar Lalshankar Dave, 24 Agosti 1833 – 26 Februari 1886) alikuwa mshairi, mwanainsha na mtunga kamusi wa Kigujarati, mzaliwa wa Surat, magharibi mwa India. Mwaka 1858 aliacha ualimu ili aishi kwa kalamu yake, uamuzi wa kijasiri uliomwingiza kwenye madeni. Gazeti lake *Dandiyo*, lililoanza 1864, lilishambulia ushirikina na kutetea wajane waruhusiwe kuolewa tena. Hakuishia kwenye maneno: yeye mwenyewe alioa mjane, jambo lililowachukiza Wabrahmani wenzake.

Kazi yake nzito kuliko zote ni *Narmakosh*, kamusi ya kwanza ya Kigujarati kwa Kigujarati, iliyotoka kwa ukamilifu 1873 baada ya miaka mingi ya kukusanya maneno karibu peke yake. Tawasifu yake, *Mari Hakikat*, aliyoiandika 1866 bila kujipamba, ilitolewa kwa umma 1933, miongo kadhaa baada ya kifo chake.

Mwishoni aligeuka. Mwaka 1882 alirudi kwenye ajira aliyokuwa ameapa kuiepuka, na katika *Dharmavichar* (1885) akatetea mapokeo mengi aliyoyapinga ujanani. Alifariki Mumbai.