Mkono Hufunzwa na Kazi Yake

Wewe, msomaji, ulipokifungua kitabu hiki hukuviamuru vidole vyako kimoja kimoja. Kazi hiyo ilitendwa kimya kimya na ubongo, nao uliisomea tangu utotoni, kwa kujaribu na kukosa, kwa kuanguka na kuinuka. Lakini wako watoto ambao ubongo wao ulipata dhara kabla ya kuzaliwa, au wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza ya uhai. Hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo. Misuli ya baadhi yao hukakamaa. Ya wengine hulegea. Na viungo vya wengine huchezacheza bila ya hiari ya mwenyewe. Dhara lenyewe haliongezeki, lakini mwili hukua, na kiungo kisichotumika hukaza na kupinda. Wako wengi miongoni mwao wenye akili timamu, ila ulimi hauwatii kusema waliyo nayo moyoni. Yafaa tujue jinsi wanadamu walivyojifunza kuwasaidia.

Wa kwanza kuieleza hali hii kwa ukamilifu alikuwa tabibu Mwingereza, William John Little, aliyezaliwa London mwaka 1810. Yeye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda kwa maradhi ya utotoni. Mwaka 1836 alisafiri hadi Ujerumani, na huko tabibu Stromeyer akaikata kano ya kisigino chake kwa tundu dogo la ngozi, mguu ukanyooka. Little alirejea kwao na elimu hiyo, akafungua nyumba ya kutibu viungo. Mwaka 1861 aliwasomea wakunga wa kitabibu wa London maelezo ya watoto wengi waliokakamaa miguu, akaonyesha kuwa aghalabu walizaliwa kwa taabu, au kabla ya wakati, au walichelewa kuvuta pumzi. Kwa muda mrefu maradhi hayo yakaitwa kwa jina lake.

Maneno ya Little yalikuwa na manufaa makubwa, lakini watu waliyachukua kuwa ndiyo yote. Kila mtoto wa namna hii alipoonekana, lawama ilikwenda kwa uzazi wake. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye baadaye alipata sifa kwa elimu ya nafsi, aliandika huko Vienna kwamba taabu ya uzazi pengine ni dalili tu ya jambo lililoanza tumboni. Hakusikilizwa sana wakati huo. Uchunguzi wa karne ya 20 ulionyesha kuwa visababu ni vingi, na kwamba kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa ni kimoja tu kati yao. Zimo pia homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, na umanjano mkali wa mtoto mchanga. Basi anayemsingizia mama laana au kuvunja mwiko humwongezea jeraha mtu aliyekwisha jeruhiwa.

Kisu kiliweza kunyoosha mguu, lakini hakikuweza kuufundisha kutembea. Kazi hiyo iliwangoja wengine. Berta Bobath alikuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili mjini Berlin, na Karel, aliyekuja kuwa mumewe, alikuwa daktari. Wote wawili walikuwa Wayahudi, wakakimbilia London mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa kuogopa dhuluma ya Wanazi. Mwaka 1951 walifungua kituo cha watoto. Berta aliamini kuwa mikono ya mtibabu, ikimshika mtoto kwa ustadi, huweza kuzuia mkao mbaya na kuuongoza mwili katika mwendo ulio sawa. Njia yao ilienea duniani. Hata hivyo, wenyewe waliibadili mara kadhaa, walipoona kuwa mafanikio ya chumba cha tiba hayamfuati mtoto nyumbani.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Kupendwa kwa njia fulani si ushahidi wa kuwa inafaa. Mwaka 1997 wataalamu wa Canada waliweka ngazi tano za kupimia uwezo wa mtoto wa kwenda, ili matabibu wapate lugha moja. Mwaka 2013 wataalamu wa Australia walikusanya uchunguzi wa nchi nyingi, wakaulinganisha. Ilidhihirika kwamba mtoto anayesogezwa na mikono ya mwingine hufaidika kidogo. Anayefaidika zaidi ni yule anayetenda mwenyewe jambo alitakalo: kushika kijiko, kupanda kidato cha mlango, kusimama afikie meza, akalirudia kila siku, nyumbani kwake, kwa kupimiwa kadiri ya uwezo wake. Ubongo hujifunza kwa jitihada ya mwenyewe.

Ukweli huu ni habari njema kwa asiye na mali. Mwaka 1987 David Werner alichapa kitabu kilichotokana na kazi ya wanakijiji wa milima ya Mexico, na ndani yake alichora vyombo vya mazoezi vya miti na kamba, kama vile fito mbili za kushikia mtoto anapojifunza kutembea. Mtibabu wa viungo bado anahitajika, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye zoezi lipi lifaalo na lipi lidhurulo. Lakini siku ina saa nyingi, na nyingi kati yake mtoto huwa pamoja na jamaa zake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, ya kutoitwa kwa majina ya kumdhalilisha, na ya kupata elimu. Lakini sheria haiwezi kuufungua mlango wa chumba ambamo mtoto amefichwa. Mlango huo hufunguliwa na jirani, ndugu na mwanafunzi mwenzake. Umwonapo mtoto wa namna hii akihangaika kukiokota kikombe, usiharakishe kumwokotea. Mpe nafasi, umngoje. Dakika unayomngojea ni sehemu ya tiba yake.