Kakuungu na fuvu la Lusinga: mwaka 2022 katika makumbusho ya Kinshasa na Tervuren

Tarehe 8 mwezi wa sita 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa, Boulevard Triomphal, akaonyesha mbele ya Raisi Félix Tshisekedi kinyago kikubwa cha Wasuku kinachoitwa Kakuungu. Picha zilizunguka inchi nzima, na wengi walisema: basi, vitu vya wakubwa wetu vimeanza kurudi. Lakini ukisikiliza vizuri maneno ya siku ile, Kakuungu hakikurudishwa. Kiliazimwa, kwa muda usio na mwisho. Kwa karatasi, mwenye mali alibaki Ubelgiji. Ni kama mtu ambaye babu yake alibeba mbuzi wa babu yako, kisha mjukuu anakuletea yule mbuzi na kusema: chukua, ninakuazima.

Kinyago chenyewe si cha mchezo. Ni cha mti, mashavu yamevimba, kidevu kimetoka mbele, na nyuzi za rafia zinaning'inia chini. Kwa Wasuku wa Kwango, Kakuungu kilitoka wakati wa mukanda, pale vijana wa kiume wanapopelekwa kando kutahiriwa na kufunzwa, na kazi yake ilikuwa kuwalinda na kuwatisha wenye nia mbaya. Katika miaka ya 1950 kikaingia katika jumba la Tervuren, karibu na Bruxelles, na kuwa kitu cha kutazamwa nyuma ya kioo.

Kwa nini kuazima? Sheria ya Ubelgiji ilisema vitu vya makumbusho ya serkali ni mali ya umma, na mali ya umma haitolewi wala kuuzwa. Hata mfalme hakuwa na ruhusa ya kukitoa moja kwa moja. Hiyo ndiyo sababu mwaka ule una maana: tarehe 3 mwezi wa saba, wiki chache tu baada ya safari ya mfalme, sheria mpya ilitiwa sahihi inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyobebwa wakati wa ukoloni kwa nguvu ama kwa njia isiyo ya haki. Kabla ya hapo, mwezi wa pili, Waziri Mkuu wa Kongo wakati ule, Sama Lukonde, alikuwa Tervuren, akapokea kwa mwenzake Alexander De Croo orodha ya vitu karibu 84.000 vyenye asili ya Kongo. Elfu themanini na ine. Kwa kulinganisha, jumba jipya la Kinshasa, lililojengwa kwa feza za Korea ya Kusini na kufunguliwa mwezi wa kumi na moja 2019, lilipangwa kubeba vitu 12.000 hivi.

Mwaka ulipoanza, Tervuren yenyewe ilikuwa na maonyesho mengine, yaliyofunguliwa mwezi wa kumi na moja 2021 na kufungwa mwezi wa tatu 2022. Yalihusu zile "zoo za watu": desturi ya Ulaya na Marekani ya kuleta watu wa mbali na kuwaweka mbele ya umati. Kulikuwa picha, kadi za posta, matangazo ya ukutani. Ilifaa yafanyike pale pale, kwa sababu jumba hilo lilizaliwa na maonyesho ya namna hiyo. Mwaka 1897, wakati Léopold II alitaka kuwaonyesha Wabelgiji "Kongo yake", watu 267 walipelekwa kwa meli mpaka kule. Mchana walikaa katika vijiji vya bandia kando ya maziwa ya bustani, wazungu wakipita kuwatazama na kuwatupia vyakula, mpaka kibao kikawekwa kukataza. Saba kati yao walikufa wakazikwa Tervuren: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa mpaka leo. Mwaka 2022 ulitimiza miaka 125.

Habari ya kurudisha si mpya. Mobutu aliizungumza mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973, na kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilitoa vitu 114 kwa Kinshasa. Kisha kukaja uporaji wa miaka ya 1990, na vingine vikaonekana tena kwenye soko la Ulaya. Wazungu wanaosema Kongo haiwezi kutunza hupenda sana kutaja jambo hilo. Husahau kusema nani alikuwa ananunua.

Mfalme alipita pia Lubumbashi na Bukavu, lakini hakuna kinyago kilichoonyeshwa kule. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, yaliyoanzishwa mwaka 1946, ina vitu vya kale vilivyochimbwa Katanga yenyewe. Kwa mtu wa Mashariki, safari ya Kinshasa ni ya ndege, na tiketi si ya kila mtu.

Kwa watu wa Tanganyika swali kubwa liko pengine. Mwezi wa kumi na mbili 1884, afisa Mbelgiji Émile Storms, aliyevuka ziwa kutoka Karema na kujenga kituo cha Mpala, alituma watu wenye bunduki kumshambulia Lusinga, mkubwa wa Watabwa. Lusinga aliuawa, akakatwa kichwa. Storms alibeba fuvu Ubelgiji pamoja na sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga. Sanamu iko Tervuren. Fuvu lilihamishwa katika miaka ya 1960 kwenye Taasisi ya Sayansi za Asili, Bruxelles.

Hapa ndipo sheria ya 2022 inapofupika: haihusu mabaki ya miili ya watu, wala archives. Jino la Patrice Lumumba, lililokabiziwa familia yake tarehe 20 mwezi wa sita, lilipitia mahakama, si makumbusho. Kwa hiyo sanamu ya Lusinga inaweza kuombwa kwa sheria mpya; kichwa chake hapana. Na hata kwa sanamu, sheria inataka kwanza mapatano kati ya serkali mbili, kisha uchunguzi wa namna kitu kilivyopatikana. Chefferie ama familia ya Moba haiwezi kuomba peke yake Bruxelles. Lazima barua ipite Kinshasa.