Njia za Kufika Nyuma ya Jicho

Uvimbe usio wa saratani hauna haraka ya kuua, lakini ukiota nyuma ya jicho hulisukuma nje na kuubana mshipa wa fahamu wa kuonea. Mnamo 1888 Krönlein wa Zurich alieleza njia ya ubavuni, yaani kuufungua ukuta wa mfupa ulio kando ya jicho. Mwaka 1941 Dandy wa Baltimore akaitetea njia ya juu, ipitayo fuvuni. Baadaye ikazuka ya puani. Hakuna iliyo bora kwa kila mgonjwa: mpasuaji huchagua isiyouvuka mshipa huo. Mkulima wa Nkende, Tarime, aonapo jicho latokeza, asingoje. Kisu huweza kuiokoa nuru iliyobaki, bali iliyopotea zamani ni nadra kurudi.