Vanishi, rangi au oili chafu: upake nini kwenye mbao zako?

Msikilizaji, baada ya mavuno na pamba kuuzwa, nyumba nyingi hapa Simiyu hubadilishwa mlango, hutengenezewa kitanda au chaga mpya za kupangia magunia. Fundi akishamaliza kazi yake, linabaki swali moja: mbao hizi zipakwe nini ili zidumu? Jibu linategemea mambo matatu: mbao itakaa wapi, itagusana na nini, na adui wake ni jua, maji au wadudu.

Kwanza, mbao iwe kavu
Mbao mbichi ukiipaka, unyevu uliomo ndani utataka kutoka na rangi itabanduka. Njia rahisi ya kupima: chukua kipande cha mbao hiyo, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, mbao imekauka. Wakati wa kuikausha, ipange kivulini na uweke vijiti katikati ili hewa ipite. Ikishakauka, piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, anza na namba 80, malizia na 120 au 180, kisha futa vumbi lote.

Vanishi
Hii inafaa ndani ya nyumba: vitanda, meza, makabati, milango ya vyumba. Inaonyesha uzuri wa mbao kama mninga na mkongo. Kwa sababu ni angavu, jua hupita na kuchoma mbao iliyo chini yake. Mlango unaopigwa na jua la mchana ukipakwa vanishi ya ndani, huanza kupasuka na kubanduka mapema. Kwa mlango wa nje omba vanishi maalumu ya nje, na ukubali kuipaka upya mara kwa mara.

Lita moja hufunika karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mlango wa kawaida, pande zote mbili, una karibu mita za mraba 4. Kwa hiyo lita moja inatosha mlango mmoja mikono miwili, na kidogo kitabaki. Piga mikono myembamba, kila mmoja ukauke, usugue msasa laini kabla ya mkono unaofuata.

Rangi ya mafuta
Kwa mlango wa nje, fremu za madirisha na mbao za pembeni mwa paa, rangi ya mafuta hushinda vanishi kwa kuzuia jua. Anza na rangi ya msingi, hasa kwa mbao laini za misonobari. Usisahau kupaka juu na chini ya mlango, maana maji huingilia hapo. Muulize muuzaji kama rangi haina madini ya risasi. Madini hayo hudhuru ubongo wa watoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwao.

Mafuta ya kunywesha mbao
Mafuta ya mbegu za kitani huingia ndani ya mbao na kukauka humo. Watu wengine hujaribu mafuta ya pamba kwa kuwa yanapatikana kwetu. Hayo hayakauki vizuri: yanabaki yananata na kukusanya vumbi. Tahadhari: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe. Yaanike nje yakiwa yamekunjuliwa.

Oili chafu
Oili ya gari iliyotumika ni ya bei ndogo, na wengi huipaka nguzo za uzio. Isiingie ndani ya nyumba wala ghalani. Ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani, haikauki, huchafua nguo na huingia kwenye udongo na maji.

Mchwa na dumuzi
Vanishi na rangi hazimzuii mchwa anayetoka ardhini. Kinga ya kwanza ni kutenganisha mbao na udongo: weka miguu ya kitanda, chaga na nguzo juu ya jiwe au zege, na bomoa njia za udongo mara uzionapo. Kwa paa, nunua mbao zilizotiwa dawa kiwandani. Mara nyingi zina rangi ya kijani hafifu.

Dumuzi, ambaye wakulima humwita skania, hutoboa mahindi na pia mbao. Barani Afrika aligunduliwa kwanza Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anaweza kujificha kwenye chaga za zamani akisubiri mavuno mapya. Kabla ya kupanga magunia, ondoa masalia ya nafaka, sugua chaga na uzianike juani. Zilizotobolewa sana zichomwe, mradi hazikuwahi kutiwa dawa.

Mambo matatu ya kukataa
• Usipake dawa ya kunyunyizia pamba kwenye kitanda au chaga. Ni sumu ya shambani, na mtoto hulala pale au chakula hukaa pale. Tumia dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa kazi iliyoandikwa kwenye kibandiko. Afisa ugani atakusaidia kuisoma.
• Usipikie vipande vya mbao zilizotiwa dawa. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo hubaki kwenye majivu na kutoka na moshi.
• Usipake vanishi au rangi ya mafuta karibu na jiko au koroboi. Mvuke wake huwaka haraka. Fungua milango na madirisha, na chumba kisilaliwe hadi harufu iishe.

Chaga zenyewe ziache bila kupakwa chochote. Mbao kavu, safi, iliyoinuliwa juu ya mawe inatosha kulinda gunia lako.